Uko Wapi? Soga za Mtandao na Habari za Ziwa

Asubuhi ya Jumanne, 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imeshakaribia Mwanza. Ilikuwa imeondoka Bukoba jioni ya jana yake na kupitia Kemondo kuchukua abiria wengine, ikawa imebeba watu wengi mno kuliko 430 walioruhusiwa. Waliokufa walipita 800. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa kwenye orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha yoyote.

Kwa hiyo wiki ile Kanda ya Ziwa nzima iliuliza swali moja. Fulani alikuwa wapi usiku ule? Alipanda? Alikosa tiketi? Alilala Kemondo kwa shemeji yake akisubiri meli ya safari nyingine? Wakati huo Tanzania haikuwa hata na simu 1 kwa kila watu 100, na hizo chache karibu zote zilikuwa za mezani, ofisini na kwa wenye uwezo. Jibu lilifuatwa kwa miguu. Watu walishuka bandarini Mwanza, wakasimama, wakatazama miili inavyoletwa. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, na wengi ambao hawakutambuliwa na ndugu zao walizikwa Igoma, nje kidogo ya mji, ambako makaburi yao yapo hadi leo.

Nimeanza na meli hiyo kwa sababu historia ya soga za mtandao kwa kawaida husimuliwa kuanzia Ulaya na Marekani, kwenye maabara za vyuo vikuu, kana kwamba kabla ya kompyuta watu hawakuwa na njia ya kuongea wengi kwa pamoja. Kando ya Ziwa Victoria njia zilikuwapo, na zilikuwa na adabu zake. Ukizifahamu hizo, utaelewa vizuri zaidi tulichopata na tulichopoteza tulipohamia kwenye makundi ya WhatsApp.

Popote pale alipo

Njia ya kwanza ilikuwa simu ya upepo. Misheni, zahanati za visiwani, kampuni za samaki na za mabasi walikuwa na mashine hizo zenye antena ndefu juu ya bati. Masafa yalikuwa ya wote: akizungumza mmoja, wote waliofungulia mashine zao walisikia. Hapakuwa na siri, na haikuwezekana wawili kuongea kwa mpigo. Ndiyo maana kulikuwa na utaratibu. Unataja unayemwita, unajitaja mwenyewe na mahali ulipo, unasema neno lako, unamalizia kwa “ova”, kisha unaachia kitufe ili mwenzako naye apate nafasi. Aliyekurupuka bila kutaja alipo aliulizwa kwanza: uko wapi?

Njia ya pili ilikuwa redio ya taifa. Matangazo ya vifo ya Radio Tanzania yalisomwa kwa mtindo usiobadilika: jina la marehemu, mahali alipofia, mahali pa maziko, kisha habari ziwafikie ndugu fulani wa mahali fulani, popote pale walipo. Hata kilabu cha pombe kilinyamaza yakisomwa. Na kulikuwa na vipindi vya salamu, ambavyo baadaye vilishika pia kwenye redio binafsi, ikiwamo Radio Free Africa ya hapahapa Mwanza. Msikilizaji alinunua kadi za salamu, akajaza majina, akazituma. Wapo waliojulikana nchi nzima kwa majina waliyojipa wenyewe, wakasalimiana miaka na miaka bila kuonana, wakaunda vilabu vyao, wakachangiana kwenye misiba. Mtu wa Sengerema aliweza kuwa na rafiki wa Songea aliyemjua kwa jina la salamu tu.

Jina la kujichagulia, marafiki usiowaona, na wote wanaokusikia kwa pamoja: ukimweleza mzee wa salamu chumba cha soga cha intaneti, hakuna litakalomshangaza isipokuwa mashine yenyewe.

Chumba cha Oulu

Mashine yenyewe ilianza kuvuta watu katika miaka ya 1970. Kwenye mfumo wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois, mwaka 1973, vijana wawili walitengeneza Talkomatic, ambamo herufi zilionekana kwa wenzako hapohapo unapozigusa. Mwaka 1980 kampuni ya CompuServe ikawauzia Wamarekani soga ya kompyuta iliyoigizwa kutoka kwenye redio za madereva wa malori, ambazo kwa hakika ni ndugu wa simu yetu ya upepo.

Lakini mfumo uliofungua mlango kwa dunia ulitoka Finland. Agosti 1988, Jarkko Oikarinen, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Oulu, aliandika programu aliyoiita IRC. Siri ya nguvu zake ilikuwa katika mpangilio wake. Hapakuwa na kompyuta moja kuu. Seva za vyuo mbalimbali zilishikana kama matawi ya mti, na ujumbe ulioandikwa kwenye tawi moja ulipitishwa hadi matawi yote. Mazungumzo yaligawanywa katika chaneli, na jina la chaneli kwa kawaida lilianza na alama ya reli (#). Kanuni zake zilichapishwa hadharani Mei 1993, mtu yeyote azisome na kutengeneza programu yake. Kwa kanuni hizo jina la mtumiaji halikuzidi herufi 9, na mstari mmoja wa ujumbe haukuzidi herufi 512. Aliyefungua chaneli alipewa cheo cha kuisimamia, akaweza kumtoa mtu nje au kumfungia asirudi.

Mfumo huo haukuwa na kumbukumbu. Ukiingia chaneli saa nne, yaliyosemwa saa tatu huyaoni. Ukitoka, yatakayosemwa hayakusubiri. Na tawi moja likikatika, chaneli ilipasuka vipande viwili. Waliobaki upande huu waliona majina ya wenzao yakitoweka kwa mkupuo, kama taa za karabai zinavyozimika ziwani upepo unapokuja, kisha baada ya dakika kadhaa majina yakarudi.

Dunia ilitambua thamani ya chumba hicho mwaka 1991. Wakati wa Vita vya Ghuba, na tena Agosti mwaka huo wakati wa jaribio la mapinduzi mjini Moscow, watu walikusanyika IRC kupata habari kutoka kwa waliokuwa karibu na tukio. Hawakujua majina yao halisi. Walichojua ni kwamba aliyekuwa anaandika alikuwapo pale wakati huo, anajibu. Ukitilia shaka, unamuuliza: unaona nini sasa hivi?

Intaneti inapanda hadi Mwanza

Jina la Tanzania katika anwani za intaneti, .tz, lilisajiliwa mwaka 1995, na mwaka 1996, mwaka uleule wa MV Bukoba, huduma za kulipia zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza Dar es Salaam. Kufika Mwanza kulihitaji ama laini ya simu ya mezani, inayolia kama jogoo aliyeshikwa koo wakati wa kuunganisha, ama dishi la setilaiti juu ya paa. Setilaiti hizo hukaa kilomita takribani 36,000 juu ya dunia, kwa hiyo swali na jibu lake vilichukua takribani nusu sekunde kwenda na kurudi hata siku ambayo hakuna msongamano. Picha moja ilishuka polepole, mstari kwa mstari. Lakini maandishi matupu yalipita. Ndiyo sababu wengi wetu hatukuanza intaneti kwa kusoma magazeti ya nje. Tulianza kwa kuchati.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 intaneti kafe zilienea katikati ya mji. Wanafunzi walishuka kutoka Malimbe, ambako Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kilikuwa kimeanza mwaka 1998, wengine wakatoka Bugando na Nyegezi. Ulilipia muda, ukaelekezwa kompyuta, ukakaa bega kwa bega na usiyemjua. Wachache walitumia mIRC, programu iliyotoka mwaka 1995 na kurahisisha IRC kwa wenye Windows. Wengi walitumia Yahoo! Messenger, iliyoanza mwaka 1998, kwa sababu anwani ya barua pepe ya Yahoo ndiyo ilikuwa kitambulisho cha kila kijana. Ulichagua chumba, ukaingia, na kabla hujakaa sawa mtu alikutumia herufi tatu: ASL. Umri, jinsia, uko wapi.

Swali hilo la tatu ndilo lililotuchukua mbali. Ukijibu “Mwanza” ulilazimika kueleza. Iko wapi? Kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Kuna nini huko? Mawe yaliyosimama juu ya mawe, sangara, dagaa. Vijana waliokuwa hawajavuka hata Kigongo kwa kivuko walikuwa wanaieleza nchi yao kwa mtu wa Manila au wa Toronto, kwa Kiingereza cha kuokoteza, wakijifunza kukiandika haraka kwa sababu muda uliolipiwa unakwisha. Hatukuwa na njia ya kuhakikisha kuwa mwenzetu ni nani. Wapo waliodanganywa, wapo waliodanganya. Lakini muda ulipokwisha na skrini ikajifunga, chumba kilibaki kulekule. Ulitoka nje, jua la Mwanza likakupiga usoni, na hakuna aliyekufuata.

Simu inakuwa chumba

Kisha simu ikashuka bei. Vodacom ilianza Tanzania mwaka 2000, Celtel mwaka 2001, na minara ikapanda vilima vya Mwanza na kusogea hadi Ukerewe. Ujumbe mfupi wa herufi 160 ukawa mkubwa wa mawasiliano. Ulikuwa wa watu wawili tu, na kila ujumbe ulikatwa pesa, kwa hiyo watu walijifunza kubana maneno. Vijana wenye simu zinazoingia intaneti walipata vyumba vidogo vya mfukoni: mig33, eBuddy, na baadaye 2go kutoka Afrika Kusini. Vyumba hivyo vilikuwa bado na desturi ya zamani. Jina la kujichagulia, wageni, na swali la uko wapi.

Mambo mawili yakabadilisha hali. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka huohuo ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza, nyuzi za kioo zikifukiwa hadi mikoani. Mwanza haikuhitaji tena kupitisha kila neno angani. Na Februari 2009, kule California, Jan Koum alisajili kampuni aliyoiita WhatsApp, akiungana baadaye na Brian Acton. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi Yahoo. Koum alipokuwa kijana alikuwa mtu wa IRC, akikutana na wenzake wa kompyuta kwenye mtandao wa EFnet. Kwa hiyo, kwa namna fulani, makundi yetu ya leo yametoka kwenye ukoo wa Oulu.

Ila mtoto hakufanana na mzazi katika jambo moja kubwa. Koum hakutaka majina ya kujichagulia. Alitumia namba ya simu. Ukiweka programu, ilisoma daftari la namba zako na kukuonyesha watu unaowajua tayari. Mlango wa chumba uligeuzwa: badala ya kufunguka kwa wageni, ulifunguka kwa ndugu. Makundi yalikuja mwaka 2011. Mwaka 2016 kundi liliweza kubeba watu 256, na kufikia mwisho wa 2022 lilibeba 1,024. Februari 2014 Facebook ilitangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Na hapa kwetu, laini zote ziliposajiliwa upya kwa alama za vidole na zisizosajiliwa kuanza kufungwa Januari 2020, namba ikawa imefungamana na kitambulisho cha taifa. Kutoka jina la herufi 9 ulilolibuni mwenyewe tulifika kwenye alama ya kidole chako.

Tuseme ukweli, kundi limetufaa. Kamati ya harusi ambayo zamani ilikaa kila Jumapili barazani kwa mtu, sasa inakaa kwenye simu, na mchango unatumwa kwa M-Pesa kisha jina lako linapanda kwenye orodha kila mtu akiona. Msiba ukitokea Nansio saa nane usiku, ukoo ulioko Dar, Nairobi na Muscat umejua kabla ya alfajiri, na nauli za wasio nazo zimeshachangwa. Mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba anapata picha ya mzigo kutoka kisiwani kabla haujapakiwa kwenye boti, akamtumia mteja wa Kongo au Burundi, wakaelewana bei mtumbwi ungali majini.

Lakini kundi halina mlango wa kutokea kama ule wa kafe. Chumbani uliingia ukatoka. Kundini unatiwa, wakati mwingine bila kuulizwa, na ukitoka wasimamizi wanaarifiwa (hadi 2022 waliarifiwa wote), na jioni shangazi anakupigia kuuliza umekasirikia nini. Basi watu wanabaki. Wananyamazisha kengele, wanarundikiwa ujumbe mamia kwa mamia, na siku moja tangazo la muhimu linapita katikati ya salamu za asubuhi njema bila kuonekana.

Bwisya, 2018

Mchana wa Alhamisi, 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kinatoka Bugorora kwenda Bwisya, kisiwani Ukara. Ilikuwa siku ya soko. Kivuko kiliruhusiwa kubeba watu 101, na hapo palikuwa na zaidi ya mara mbili yake. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati, watu wa nchi kavu wakikiona. Waliokufa walikuwa 228.

Miaka 22 ilikuwa imepita tangu MV Bukoba, na safari hii karibu kila familia ilikuwa na simu. Picha za tumbo la kivuko likielea juu ya maji ziliingia kwenye makundi kabla giza halijaingia. Swali lilikuwa lilelile la 1996, na sasa lilikuwa na pa kuandikwa: uko wapi? Ukipiga, simu iliyozama haiiti.

Pamoja na swali zikaja tarakimu. Usiku wa kwanza idadi rasmi ilikuwa 44, na kwa siku tatu ilizidi kupanda, kwa sababu miili ilikuwa bado chini ya kivuko. Katika pengo hilo kati ya hesabu rasmi na hofu ya watu, kila neno lilipata mnunuzi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Usemi huo ulikuwa na maana pale lisemwalo liliposemwa na mtu wa mtaani kwako, ambaye kesho utakutana naye kisimani na kumuuliza kalipata wapi. Ujumbe wa kusambazwa hauna kisima chake. Umepita kwenye mikono ishirini, na wa mwisho kuutuma ni mjomba wako, kwa namba unayoijua, na picha yake unaiona.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa kuliko zote kati ya soga za zamani na za sasa. Katika chumba cha zamani jina lilikuwa la uongo lakini maneno yalikuwa ya aliyeyaandika, naye alikuwapo, ungeweza kumuuliza. Katika kundi jina ni la kweli, na maneno mara nyingi si yake. Tunayaamini kwa sababu tunampenda aliyetutumia, naye aliyaamini kwa sababu hiyohiyo.

WhatsApp wenyewe walikubali kuwa hapo pana hatari. Baada ya watu kuuawa na makundi yenye hasira nchini India kwa ajili ya uvumi uliosambazwa, waliweka kikomo huko mwaka 2018, na Januari 2019 wakakieneza duniani kote: ujumbe mmoja usipelekwe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mkupuo. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambaa mno ukaruhusiwa kwenda sehemu moja tu kwa wakati. Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kazi mwaka 2015, na kusambaza taarifa za uongo ni kosa chini yake. Lakini si kikomo wala sheria iliyoweza kuongeza kitu kidogo ambacho simu ya upepo ilikuwa nacho tangu mwanzo: mahali neno lilipotoka.

Nyumba ya nani?

Kuna pia suala la mwenye nyumba. IRC haikuwa na mmiliki. Mei 2021, wasimamizi wa mtandao mkubwa wa IRC uitwao Freenode walipogombana na aliyeudai kuwa wake, waliondoka na kuanzisha mwingine, Libera.Chat, na jumuiya nyingi zikawafuata na chaneli zao. Kanuni zilikuwa za wote, kwa hiyo waliweza kuhama kama wavuvi wanavyohama mwalo. Miezi mitano baadaye, tarehe 4 Oktoba 2021, mitambo ya Facebook ilikatika, na kwa takribani saa sita WhatsApp ilizimika dunia nzima, Mwanza ikiwamo. Mti wenye matawi mengi ulipasuka vipande. Nyumba yenye mlango mmoja ilifungwa yote. Na wakati wa uchaguzi mkuu wa Oktoba 2020 wengi nchini hawakuweza kuifikia WhatsApp bila kupitia VPN. Ukoo uliohamishia misiba yake yote kwenye programu moja ulikuta kwamba hauna daftari la namba lililoandikwa kwa kalamu.

Turudi ziwani mara ya mwisho. Jumapili ya 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa inaelekea kutua Bukoba ilitumbukia ziwani katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43, na 19 walikufa. Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, alisifiwa kwa kusaidia kufungua mlango kwa kasia na watu wakatoka. Nchi nzima ilikuwa imeshaiona ndege hiyo kwenye simu, mkia ukiwa umesimama juu ya maji, wakati wao wangali wanavuta kamba.

Nimeiweka habari hiyo mwisho kwa sababu ya wale wavuvi. Waliokuwapo waliweza kusema kilichokuwapo. Kila kundi Kanda ya Ziwa lina watu kama hao: aliye kwenye mwalo, aliye gati ya Bwisya, aliye wodini Bugando. Desturi ya mababu zetu wa simu ya upepo inaweza kurudi bila kusubiri mtu wa California aibuni. Kabla ya kutuma habari ya msiba au ya ajali, andika jina lako, andika ulipo, andika kama umeona mwenyewe au umeambiwa na nani. Kama umeletewa tu na humjui aliyeanzisha, muulize aliyekuletea lile swali la kwanza, na usitume mpaka ajibu.

Makundi ya ukoo wangu yameanza. Juzi kulisemwa boti imepotea kati ya Kome na Maisome, na majina ya watu wetu wawili yakatajwa. Hakuna aliyelia kwa maandishi, hakuna aliyesambaza. Binamu aliyeko kisiwani aliandika mistari miwili: “Niko Kome, mwaloni. Sijaiona bado, nawauliza waliotoka kuvua.” Tukasubiri saa nzima, watu zaidi ya sitini, kimya. Kisha akaandika tena kuwa boti imefika, wamelowa, wazima.